Shaba Bila Moshi: Mwongozo Kamili wa Kumenya Nyaya za Umeme Badala ya Kuzichoma

Kwetu Mabatini, jijini Mwanza, nyumba zimepanda mlima pamoja na mawe yake, na moshi wa bondeni nao unapanda mumo humo tunamopanda sisi. Jioni, mtu akiwasha rundo la nyaya kule chini karibu na Mto Mirongo, huku juu tunajua kabla hatujauona moshi wenyewe. Koo linakwaruza, macho yanatoa machozi, na mwenye pumu anaanza kutafuta dawa yake. Si moshi wa kuni, wala si ule wa takataka za kawaida. Huu unauma.

Mimi ni fundi umeme na sitajifanya msafi. Nilipokuwa saidia fundi, vipande vya nyaya vilivyobaki saiti ndivyo vilivyokuwa nauli yetu ya kurudi nyumbani, na njia tuliyofundishwa ya kutoa shaba ilikuwa moja: kipande cha tairi, mafuta ya taa kidogo, kiberiti. Nimeacha kwa sababu mbili, na niseme ukweli, iliyotangulia ilikuwa mizani, afya ikafuata. Siku moja mnunuzi wa skrepa alichukua kifungu chetu cha nyaya nyembamba, akakiminya, kikavunjika mkononi mwake kama majani makavu.

"Hii imeungua, fundi. Siwezi kukuhesabia kama safi."

Pembeni yetu mzee mmoja alikuwa ameleta fungu dogo tu, limemenywa kwa kisu, linang'aa kama senti mpya. Kwa kila kilo alilipwa zaidi yetu, na nguo zake hazikunuka. Haya ninayoyaandika nilianza kuyajifunza siku ile.

Moshi huo una nini

Ganda la nyaya nyingi za majumbani ni PVC. Plastiki hii ikiwa tupu, zaidi ya nusu ya uzito wake, asilimia 57 hivi, ni klorini. Kwenye waya huchanganywa na vilainishi na chokaa ya kujazia, kwa hiyo kiwango hupungua, lakini bado ni kingi. Joto likipita nyuzi 200 za Selsiasi na kuendelea, klorini inaachana na plastiki na kutoka kama gesi ya haidrojeni kloraidi. Gesi hiyo inapenda maji kupita kiasi. Ikikutana na unyevu wa jicho, wa pua, wa koo na wa mapafu, inageuka hapo hapo kuwa asidi ya haidrokloriki. Ni asidi ileile iliyo tumboni mwako, ila tumbo lina utando wa kuihimili na mapafu hayana. Ndiyo hiyo inayowasha. Ndiyo pia inayoharakisha kutu kwenye mabati yaliyo karibu na sehemu ya kuchomea.

Asidi ni sehemu inayojitangaza. Ya pili haijitangazi. Klorini, mabaki ya plastiki yaliyoungua nusu na joto la kati ya nyuzi 200 na 450 hivi hutengeneza dioksini, kundi la sumu kali, na shaba yenyewe huchochea kazi hiyo. Ukitaka kutengeneza jiko la kuzalisha dioksini kwa makusudi, usingehitaji zaidi ya rundo la nyaya linalofuka. Si ajabu kwamba Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unataja uchomaji wa nyaya za shaba kwa jina kati ya vyanzo vya sumu hizi. Dioksini haiwashi. Inatua kwenye udongo na majani, inaingia kwa kuku na ng'ombe, inajificha kwenye mafuta ya mayai, maziwa na samaki. Ile kali kuliko zote, ikiingia mwilini mwa mtu, huchukua miaka saba au zaidi kupungua nusu.

Ya tatu ni risasi, yaani madini ya risasi. PVC ya nyaya za zamani ilichanganywa na risasi ili isiharibike kwa joto. Ukichoma, sehemu yake inapaa na sehemu inabaki kwenye majivu. Watoto ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa ubongo wao bado unajengeka.

Ujanja unaosaidia nusu

Kabla ya kufika kwenye kisu, nimalize swali ninaloulizwa kila mara: je, hatuwezi kuchoma kwenye pipa, moshi ukapitishwa kwa bomba ndani ya maji ya chokaa? Anayesema hivyo hadanganyi, ila anasema nusu. Maji yananyonya gesi ya asidi vizuri sana, na chokaa inaua ukali wake. Moshi utakaotoka upande wa pili hautawasha kama mwanzo. Lakini dioksini haiyeyuki kwenye maji, na sehemu kubwa ya vumbi laini la risasi hupita ndani ya mapovu bila kuguswa. Umeondoa kengele, mwizi umemwacha ndani. Juu ya hayo una pipa la maji machafu, na hapa Mwanza kila mtaro una njia yake ya kufika ziwani.

Tanuri za viwandani zinazoruhusiwa kuchoma taka zenye klorini nyingi, kwa viwango vya Ulaya, hupandishwa hadi nyuzi 1,100, gesi ikae kwenye joto hilo angalau sekunde mbili, kisha ipozwe haraka na kusafishwa. Pipa la lita 200 lililotobolewa matundu halifiki huko hata ukilipulizia mvuo wa mhunzi.

Kuchoma usiku nako ni kujificha tu. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka, na hewa ya baridi hushuka kutoka milimani na kulala mabondeni. Moshi wa saa nne usiku unalala na watu. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii gesi. Na maziwa, ambayo kila kijiwe cha skrepa kinayaamini, hayasafishi mapafu. Yanapitia njia nyingine kabisa. Kunywa kwa sababu una njaa.

Kwa hiyo njia ya kupunguza moshi huu ni kutouwasha. Kazi iliyobaki ni kufanya kumenya kuwe kwepesi kiasi kwamba kiberiti kionekane ujinga.

Hatua ya kwanza: jua unachoshika

Waya ulio ukutani, nguzoni au ardhini usiuguse mpaka fundi amehakikisha hauna umeme. Waya ulioukuta umelala barabarani baada ya mvua uchukulie una umeme, hata kama umeme wa mtaa mzima umekatika. Nyaya za TANESCO, shirika la umeme, si skrepa, hata ukizikuta zimekatika. Nyingi za zile zinazotoka nguzoni kwenda nyumbani ni aluminiamu kwa vyovyote, na kesi yake ni nzito kuliko mzigo wenyewe.

Kebo nene za zamani zenye karatasi iliyoloweshwa mafuta na ganda la risasi ndani, ziache. Mafuta ya kebo na transfoma za zamani yanaweza kuwa na sumu ambazo kisu na glavu havitoshi kuzishughulikia. Uzi wa pasi au jiko la umeme la zamani wenye ufumwele mweupe-kijivu kama pamba, nao uache, maana baadhi zilifumwa kwa asbestosi.

Ukitaka kufanya biashara hii kwa ukubwa, uliza ofisi ya NEMC, baraza la usimamizi wa mazingira, kuhusu vibali kabla hujajaza ua. Vyuma chakavu na taka za umeme vina masharti yake chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na andika kwenye daftari nani amekuuzia nini. Daftari hilo litakuokoa siku askari atakapokuja kuuliza habari za kebo iliyoibwa.

Hatua ya pili: chambua

Watu wengi huanza kumenya wakiwa wamekaa katikati ya rundo, wanachomoa waya wowote unaojitokeza. Ndivyo unavyochoka saa tano asubuhi ukiwa na nusu kilo. Kaa chini kwanza, tenga mafungu.

Kanuni ninayoitumia ni hii: chukua namba ya waya, yaani ukubwa wa shaba yake kwa milimita za mraba, zidisha kwa 9, unapata takribani gramu za shaba kwa kila mita ya uzi mmoja. Waya wa 1.5, ule wa taa, una gramu 13 na nusu kwa mita. Wa 2.5, ule wa soketi, una gramu 22 na nusu. Wa 6 una 54. Wa 16 una 144. Sasa geuza: ili upate kilo moja ya shaba, wa 16 unahitaji mita 7 tu. Wa 6 mita 18 na kitu. Wa 2.5 mita 44. Wa 1.5 mita 74. Na vile vijiwaya vya 0.5 vya redio na chaja vinadai mita zaidi ya 220.

Tazama hesabu hiyo tena, kwa sababu ndiyo inayowashindisha watu kwenye moto. Anayechoma mara nyingi anachoma kwa ajili ya vile vyembamba, halafu anatupia na vinene humo humo kwa kuwa moto umeshawaka. Vinene vilikuwa vya kumenywa kwa nusu saa, vikatoka safi. Basi fungu la kwanza ni kuanzia 6 kwenda juu. La pili ni 1.5 hadi 4. La tatu ni kila kitu chembamba kuliko hapo, na hilo lina utaratibu wake ninaoueleza mbele.

Wakati huohuo kata ncha kwa plaizi uangalie katikati. Kuna nyaya zinazong'aa wekundu nje na ndani ni nyeupe: hizo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Zikichanganyika na shaba yako mnunuzi mmoja atakayeziona atashusha bei ya gunia zima. Nyaya zilizopakwa bati, zenye rangi ya fedha nje na nyekundu ndani, nazo ni fungu peke yake.

Halafu ganda. Nyingine zimeandikwa PVC au XLPE (jamii ya polithini) ubavuni. Ambayo haijaandikwa, kata kipande cha ganda kitupu ukubwa wa kucha, kitie kwenye kikombe cha maji yenye tone la sabuni, kizamishe kwa kidole ili mapovu yatoke, kisha kiachie. Kipimo hiki kinafanya kazi vizuri huku kwetu. Kikielea, ni jamii ya polithini. Kikizama, kichukulie ni PVC. Kuna raba na plastiki nyingine zinazozama pia, lakini kukosea upande huo hakukudhuru. Kamwe usipime kwa kuwasha kiberiti ili uangalie kama mwali ni wa kijani. Ule ukijani ndio dalili ya klorini kukutana na shaba, na umeshauvuta.

Hatua ya tatu: tengeneza gogo la kumenyea

Kisu cha mkononi kinafaa kwa mita tano. Zaidi ya hapo kidole gumba kiko hatarini. Chombo ninachokieleza hapa kinatokana na mabaki ya mbao, na fundi yeyote wa Makoroboi, waliozoea kugeuza makopo kuwa vibatari, angekitengeneza huku anapiga soga.

Tafuta kipande cha mbao ngumu cha inchi mbili kwa nne, urefu wa sentimita 20 hivi. Kisimamishe kwa ubavu, ile inchi mbili ikiwa juu. Toboa kwa drili mstari wa matundu yanayopenya unene wa inchi mbili, kutoka mbele hadi nyuma, kila tundu likiwa sentimita moja na nusu chini ya ukingo wa juu. Ukubwa uwe wa milimita 4, 5, 6, 8, 10 na 12, na kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya linalofuata acha sentimita tatu. Waya unatakiwa kupita kwenye tundu lake ukiwa na nafasi ya nusu milimita tu. Waya ukicheza sana utageuka na mkato utakuwa wa nyoka.

Sasa chukua msumeno, kata kutoka ukingo wa juu kushuka juu ya kila tundu, kana kwamba unataka kugawa mbao vipande, lakini simama msumeno unapofika kwenye tundu. Umepata mfereji mwembamba unaoelekea kulekule tundu linakoelekea. Ndani ya mfereji huo ingiza wembe mnene, ule wa kisu cha kusukuma ambacho mafundi wa dari hukatia bodi za jipsamu. Wembe wa kunyolea ni mwembamba mno, utakatika na kuruka. Ulaze mshazari wa nyuzi 45 hivi, makali yakiangalia upande ambao waya unaingilia, na ncha ichungulie kidogo tu ndani ya tundu. Nafasi inayobaki ijaze kwa kipande cha bati la kopo na kabari ya mti, gonga taratibu mpaka ukaze. Juu yake piga kibati kwa skrubu mbili ili wembe usiweze kupanda, na kidole chochote kisiweze kushuka.

Kina cha wembe ndiyo siri yote. Ganda la waya wa 2.5 wa uzi mmoja lina unene usiofika milimita moja. Usilenge kulikata lote. Likikatwa sehemu kubwa ya unene wake, lililobaki litachanika lenyewe ukivuta. Jaribu na kipande kibovu: ukiona mstari unaong'aa uliochimbwa kwenye shaba, wembe umezama mno, gonga kabari uulegeze. Wembe unaogusa shaba hauharibu shaba sana, unajiharibu wenyewe, na wembe butu ndio unaokufanya uvute kwa nguvu, na kuvuta kwa nguvu ndiko kunakoleta ajali. Badilisha mapema.

Gogo lenyewe lifunge kwenye meza nzito kwa skrubu ndefu, au libanwe kwenye jiliwa. Likitembea, acha kazi ulifunge upya.

Hatua ya nne: kumenya

Vaa glavu nene, miwani na viatu vya kufunika vidole. Kazi ifanyike nje au kibarazani, mbali na sehemu ya kupikia, na usile wala kuvuta sigara mikono ikiwa michafu, kwa sababu ile risasi niliyoitaja imo pia kwenye vumbi la ganda la zamani. Nawa kwa sabuni ukimaliza, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Kata nyaya urefu wa mita moja na nusu hadi mbili. Nyoosha. Menya ncha sentimita kumi kwa kisu, pitisha shaba hiyo kwenye tundu mpaka itokee upande wa pili, ishike kwa plaizi, kisha vuta kwa mwendo mmoja ukirudi nyuma kwa miguu yako, si kwa mgongo. Mikono yote miwili iko upande wa kutokea, mbali na makali. Waya unatoka umechanwa kama ganda la ndizi, unalitoa kwa vidole.

Nyaya za ngozi mbili, zile bapa zenye nyuzi tatu ndani, zimenye mara mbili: kwanza ngozi ya nje kwa kisu, ukipasua katikati palipo na waya wa ardhi maana mara nyingi hauna ganda na kisu kinateleza juu yake, kisha kila uzi upite kwenye tundu lake.

Kebo ya ardhini yenye nyuzi za chuma ndani haipiti kwenye gogo. Ikate vipande vya mita moja kwa msumeno wa chuma, zungushia mkato wa pete kwenye ngozi ya nje kila baada ya sentimita 30, pasua kwa urefu, itoe. Nyuzi za chuma zinafunguka kwa kuzizungusha kinyume. Shika ncha zake vizuri kwa sababu zinachapa. Ndani utakuta ngozi nyingine laini, halafu nyuzi nne nene ambazo ndizo ulizozifuata. Usiku ule unaolipwa kwa kebo kama hiyo unasahau uchungu wa mikono.

Kama mnaifanya kikundi na mzigo ni wa magunia, tafuteni mchomeleaji awatengenezee mashine ya kuzungusha kwa mkono: roli mbili zenye meno ya kuvuta, wembe wa duara juu yake, springi ya kukaza na mkono wa kuzungushia. Pedeli na mhimili wa baiskeli mbovu vinatosha kuanzia. Nendeni na waya mkononi mkimwonyesha. SIDO, shirika la viwanda vidogo, pale Nyakato ni pa kuulizia pia, kwa kuwa zana ndogo za namna hii ndiyo kazi yao.

Hatua ya tano: vile vyembamba

Hapa ndipo watu wanaporudi kwenye kiberiti. Hata Agbogbloshie kule Accra, Ghana, eneo lililojulikana dunia nzima kwa moshi wa nyaya, mashine za kumenya zilipelekwa mwaka 2014, na zikafaa kwa nyaya nene kuliko nyembamba. Kwa hiyo usijidanganye kwamba gogo litatatua kila kitu.

Ninazo njia tatu, na ya tatu ndiyo ninayoitumia zaidi.

Ya kwanza ni joto dogo. PVC hulainika kabla haijafika hata joto la maji yanayochemka, wakati gesi ya asidi hutaka joto kubwa zaidi sana. Kata nyaya urefu wa shubiri moja, zianike juu ya jiwe jeusi saa saba mchana (na Mwanza jiwe haliombwi), au zitie kwenye ndoo kuukuu na kumiminia maji yaliyotoka kuchemka. Baada ya dakika tano hadi kumi, ganda limekuwa kama ulimi. Shika ncha ya shaba kwa plaizi, ganda kwa mkono wenye glavu, vuta: linachomoka kama soksi. Ndoo hiyo isirudi jikoni tena, na usichemshie nyaya kwenye sufuria juu ya moto, maana maji yakikauka umesharudi kulekule ulikotoka.

Ya pili ni kujua maumbile ya waya. Kebo ya mtandao wa kompyuta mara nyingi ina uzi imara ndani yake, chini ya ngozi ya nje. Fungua sentimita tano, ushike uzi huo, uvute kurudi nyuma: unapasua ngozi kama zipu. Ndani kuna nyuzi nane. Ngozi ya nje uweke kando, zile nyuzi nane usizimenye.

Ya tatu ni kuuza bila kumenya. Nyaya za magari, za redio, za chaja na za mtandao toa vichwa vya plastiki na chuma, zifunge mafungu kwa aina, ziuze kama nyaya. Bei kwa kilo itakuwa ndogo kwa kuwa nusu au zaidi ya uzito ni plastiki, lakini piga hesabu ya saa zako kwa uaminifu. Wanunuzi wakubwa hupeleka kwenye mashine inayosaga waya kuwa punje, kisha hutenganisha kwa mtikisiko na maji au hewa. Aliyewahi kuona karai la dhahabu kule Geita anaelewa papo hapo: shaba ni nzito mara sita hivi kuliko PVC, inabaki chini, plastiki inasogea. Usijaribu kuiga kwa panga na karai ufukweni. Bila kusaga laini shaba haitoki ndani ya ganda, na maji yale yenye vumbi la risasi yataishia palepale watu wanapoteka.

Mizanini

Shaba iliyomenywa iweke kwenye gunia kavu, maana ikinyeshewa inafifia na mnunuzi atatafuta sababu. Nene inayong'aa peke yake, ya nyuzi nyembamba peke yake, iliyopakwa bati peke yake, iliyokwisha kuungua zamani peke yake. Ukichanganya, utalipwa bei ya ile mbaya zaidi. Pita kwenye mizani angalau mbili kabla hujashusha mzigo, na ubebe kitu unachokijua uzito wake, mfuko wa sukari wa kilo mbili ambao haujafunguliwa unatosha. Mwenye mizani ya haki hatakasirika ukiuweka juu.

Na maganda je?

Ya PVC na ya polithini yakae magunia tofauti, maana mnunuzi wa plastiki hataki PVC iingie kwenye polithini yake hata kidogo, inaharibu mzigo. Kipimo cha kikombe kinakutosha. Ambayo haijapata mnunuzi ihifadhi pakavu mpaka ipelekwe dampo la jiji.

Hatari kubwa ipo jikoni. Vipande vya maganda ya waya vinawasha mkaa haraka, na mtoto akitumwa atafute cha kuwashia ataokota hivyo. Zungumza na mama lishe wa jirani, zungumza na nyumbani kwako. Mshikaki uliowashiwa kwa ganda la waya umetiwa chumvi ambayo hukuiomba. Wengine hutumia maganda marefu kama kamba za kufungia mbuzi au kuwapa watoto wachezee. Ya zamani yana risasi, na mtoto hutia kila kitu mdomoni, mbuzi pia.

Kama moto umeshawaka

Rundo la nyaya lisilounganishwa na umeme lizimwe kwa mchanga au udongo, ukisimama upande upepo unakotokea. Kama ni nyaya za nyumba, zima swichi kuu kwanza ikiwa unaifikia salama, na maji yasiguswe mpaka umeme uwe umekatwa. Moshi ukijaa chumba, toka, usirudi kuchukua godoro.

Aliyevuta moshi umpeleke kwenye hewa safi, umkalishe. Macho yanayowasha yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Akikohoa sana, akibana kifua, au akiwa mtoto, mjamzito au mwenye pumu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata kama anasema amepata nafuu, kwa sababu mapafu yaliyoguswa na asidi yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Daktari aambiwe wazi kwamba ni moshi wa nyaya za plastiki, si "moshi" tu.

Pale palipochomwa zamani

Ukiwa na kiwanja kilichokuwa kikichomewa, usifagie majivu kwa ufagio mkavu. Yaloweshe kidogo, yachote kwa koleo na udongo wa juu yake, yatie kwenye mifuko imara miwili miwili na uulize halmashauri wapi pa kupeleka. Yasiende mtoni wala kwenye tuta la mchicha. Palipobaki pafunike kwa kifusi safi cha udongo mfinyanzi na kukishindilia. Maji ya mvua ya mabati yaliyokuwa yakipokea moshi huo, yale ya mwanzo wa msimu yaache yamwagike kabla hujaelekeza bomba kwenye simtanki. Kuku wafungiwe banda wasichakure pale, na mayai ya waliozoea kuchakura hapo yasiliwe, hata kama kiini chake ni cha njano ya kupendeza.